Mkeka Haukunjwi

Kabla sijaona kitu chochote katika nyumba ile nilisikia: chwaa, kimya kifupi, kisha chwaa tena, kama mtu anayechana karatasi ndefu asiye na haraka nayo. Nilikuwa nimetoka kwenye jua kali la Korogwe nikaingia moja kwa moja kwenye korido, na macho yangu hayakuwa na kitu ila giza la kijani linaloelea. Nikasimama palepale. Chwaa. Baada ya sauti ikaja harufu, ya majani yaliyochemshwa pamoja na rangi, mbichi na tamu kidogo, halafu ikaja sauti ya mtu. "Nani huyo anayenizibia mwanga?" Nikasema, shikamoo shangazi, ni mimi Mwajuma. "Marahaba. Basi Mwajuma, sogea mbele au rudi nyuma, ukindu hauchanwi gizani." Nikasogea. Giza likapungua polepole, na ndani yake akatokea mwanamke mnene aliyenyoosha miguu sakafuni, rundo la majani ya mkindu pajani, kucha ya kidole gumba cha kulia imeachwa ndefu kwa ajili ya kazi ile. Aliliingiza jani kwenye kucha, akavuta, likawa mawili. Hakuniangalia mpaka rundo lilipokwisha.

Mwezi uliopita tulimzika shangazi. Nilitoka Handeni asubuhi na wanangu wawili, tukafika wakati wa kuosha, na baada ya maziko nikabaki kwenye matanga pamoja na wanawake wengine. Alasiri moja tulikuwa tumejilaza kwenye korido ileile, ambayo siku hizi ina saruji na taa, mimi na Tatu ubavu kwa ubavu. Tatu ni binti wa marehemu, rika langu, na kwa kuwa mama yake ni dada wa baba yangu, sisi ni watani mpaka kufa. Akanigusa kwa kiwiko, uso wake bado umevimba kwa kilio, akaninong'oneza, "Mtani, unakumbuka ulivyompunja bibi harusi?" Nilicheka mpaka mama mmoja wa mtaani akaguna. Nikajifunika kanga usoni nikaendelea kucheka ndani yake, na nilishangazwa si na kicheko bali na wepesi wake, kwa maana kwa miaka mingi neno hilo, kupunja, likitajwa mbele yangu hata na muuza nyanya naondoka bila kununua. Sasa lilipita kama upepo wa kawaida. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule. Nadhani nimeshatoka ndani yake.

Nilikuwa kidato cha pili. Kijijini kwetu, Kwamsisi, hatukuwa na sekondari wakati ule, na baba alikuwa amemwomba dada yake anipe mahali pa kulala nisome Korogwe. Kulala kwangu kwa shangazi ndiko kulikuwa kusoma kwangu. Hapakuwa na nyumba nyingine. Hilo nililijua bila kuambiwa, na nililibeba kila siku kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa mpaka ukingoni. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati nyembamba na ndefu, na uani jiko la mafiga na shimo la maji ya kuoshea vyombo. Asubuhi Tatu alikaanga vitumbua, navyo tulivila kwa chai ya tangawizi tukiwa tumechuchumaa, tukipuliza vidole. Jioni ilikuwa bada, ugali ule mzito wa muhogo tuliokulia sote, kwa kisamvu au kwa dagaa, na katikati ya tonge na tonge shangazi alitoa sheria za nyumba. Nyingi zilihusu mikeka. Mkeka haupitwi na viatu. Mkeka hauwekewi sufuria. Mkeka huviringishwa, haukunjwi, kwa kuwa ukindu uliokunjwa huvunjika moyo na ile alama haitoki tena. Alisema "huvunjika moyo" kama alivyosema "chumvi imezidi", bila mapambo. Katika nyumba ile ningeweza kusamehewa kuvunja sahani. Kukunja mkeka sikuwahi kuona mtu akijaribu.

Yeye alikuwa msusi wa mikeka aliyejulikana mpaka Mombo. Kwa wasioijua kazi hii nieleze kidogo, maana jambo lote liko humo. Majani yaliyochanwa husukwa kuwa utepe mmoja mrefu wenye upana wa kiganja. Huo ndio ukili. Ukili huviringwa ukawa bunda. Ukitaka mkeka, unaukata ukili vipande vyenye urefu mmoja, unavilaza ubavu kwa ubavu, unavishona kwa shazia, ile sindano ndefu. Mwisho unazungushia pindo la ukili mwembamba, liitwalo taraza, ili kingo zisichanike. Shangazi alishona mkeka wa namna moja tu maisha yake yote, ule wa kulalia watu wawili: vipande, yaani kili, kumi na mbili, kila mmoja mikono minne, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Kwake yeye bunda moja lilikuwa mkeka mmoja, na mkeka mmoja ulikuwa taraza moja. Hakupima taraza wala hakuhesabu. Mikono yake ilisuka, na pale ilipochoka ndipo taraza ilipotosha. Nilimwona akifanya hivyo akizungumza, akikemea kuku, akijibu salamu za wapita njia, na kila mara ncha mbili zilikutana pembeni kama watu waliopeana miadi.

Mwaka ule Asha, dada yake Tatu, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mpale, kule milimani. Akawekwa ndani, chumba cha mwisho upande wa kushoto, na sisi tukawa tunamsikia zaidi ya kumwona: kukohoa, kucheka na kungwi wake, kuomba maji. Shangazi alitaka mikeka miwili ya harusi, wa kwanza wa chumbani, ambao Asha angekwenda nao Mpale, na wa pili wa korido, wakae wazee wa upande wa bwana harusi wakati wa nikahi. "Watu wa milimani wakija wasije wakaketi kwenye jamvi la kukodi," alisema. Akasuka ukili kwa miezi, zambarau na kijani na weupe wa ukindu wenyewe, bunda likawa kubwa kama gurudumu. Kisha akasafiri kwenda Mpale kukamilisha mazungumzo ya mahari, akatuachia maagizo mawili: tuukate ukili katikati sawasawa, na kila mmoja ashone wake. Tatu alipata wa chumbani, mimi wa korido. Kukata nilikata mimi. Tatu alikuwa uani na moshi wa vitumbua, akanipigia kelele, "Kata wewe, mikono yangu ina mafuta." Nikaukunjua ukili uani kote, nikazikutanisha ncha zake mbili kwenye msumari wa dirisha, nikauvuta mpaka pale ulipojipinda, nikakata hapo. Hakuna aliyeniona isipokuwa kuku.

Tulishona wiki nyingi tukiwa tumekaa mkabala, magoti yakigusana, na hizo zilikuwa siku nzuri. Wa Tatu ulipanuka kama ua. Wangu, kwa kuwa korido ilikuwa nyembamba, niliukata vipande vya mikono minane, navyo vikawa sita tu, nao ukarefuka kama barabara. Tatu aliutania. "Huo mkeka au ulimi wa Mama Chausiku?" Mama Chausiku alikuwa jirani yetu, rafiki wa shangazi, mwanamke mwema mwenye maneno mengi. Wakati mwingine nilikaa na mkeka miguuni na daftari la hesabu gotini. Shuleni tulikuwa tunafundishwa mistatili yenye eneo moja na pande tofauti: mwalimu anakupa eneo, wewe unatafuta pande zote zinazowezekana, kisha unapima mzunguko wa kila mmoja. Nilipata zote. Nilichora vibokisi vyembamba na vinene kwa penseli na nikaandika kwa mwandiko safi kwamba mwembamba una mzunguko mkubwa zaidi. Halafu nikafunga daftari, nikashika shazia, na wala haikunijia kwamba nimeketi juu ya jibu lenyewe. Hesabu ilikuwa kitu cha kule, cha ubao na chaki. Mkeka ulikuwa wa huku.

Shangazi aliporudi alisuka taraza mbili nyeusi, zenye urefu mmoja, akatupa kila mtu yake. Ya Tatu ikazunguka mkeka wake wote, ikabaki kipande cha kidole. Yangu ikazunguka upande mmoja mrefu, ikapita pembe, ikapita upande mfupi, ikaanza kurudi, na kabla haijafika katikati ya ubavu wa pili ikaisha. Nilidhani nimeivuta vibaya. Nikaifumua, nikashona tena. Ikaishia palepale. Ilikuwa Jumamosi, Mama Chausiku ameketi kwenye kigoda akinywa kahawa, na ndiye aliyeona kwanza.

"Zuhura," alimwita shangazi. "Hebu tazama taraza ya mtoto."

Shangazi alitazama. Akainama, akaishika ncha ya taraza pale ilipokatikia, akatazama ubavu uliobaki wazi, mrefu kuliko mguu wa mtu. Akautazama mkeka wa Tatu uliokamilika.

"Taraza nilisuka mbili sawa," alisema. "Tatu, yako ilitosha?"

"Ilitosha, mama. Ikabaki."

"Na ukili alikata nani?"

Tatu alinitazama. Nikasema, "Mimi, shangazi. Nilikata katikati."

"Nani alikuwepo?"

"Hakuna, shangazi."

Mama Chausiku aliteremsha kikombe. "Taraza haina mdomo," alisema, "lakini imesema. Mkeka uliokula taraza zaidi ndio uliokula ukili zaidi. Sasa huo wa bibi harusi umepungua. Mtoto kampunja mwenzake kitanda chake."

Hata mimi niliamini. Hilo ndilo linalonishangaza hadi leo. Nilijua nimekata katikati, niliukumbuka msumari, nilizikumbuka ncha mbili zikikutana, lakini taraza ilikuwa mbele yangu imepunguka, na taraza haikuwa na sababu ya kunisingizia. Kwa muda nilijiuliza kama mkono wangu ulivuta upande wangu bila mimi kuujua. Ni kitu kizito msichana kushuku mkono wake mwenyewe.

Hakunichapa. Ingekuwa heri. Kilichobadilika ni sahani. Siku zote tulikula watatu kwenye sinia moja. Tangu jioni ile Tatu aliletewa chakula na mama yake, na mimi nikawekewa changu kwenye bakuli pembeni, kisamvu kingi, dagaa wengi, kama mgeni anayeheshimiwa. Tatu alikuja kuketi karibu yangu na sahani yake mkononi, akaambiwa arudi. Kupitia ukuta nilimsikia shangazi akimwambia Mama Chausiku, "Si ukili. Ukili nitasuka mwingine. Ila watu wa Mpale wakisikia kwamba mwali kapunjwa ndani ya nyumba ya mama yake, na aliyempunja bado analala humo, watasema nini?" Mama Chausiku akasema watasema mengi. Shangazi akasema, "Nitampelekea salamu baba yake aje amchukue." Salamu zikapewa utingo wa basi mpaka Kabuku, na pale Kabuku zikapanda baiskeli ya mtu anayekwenda Kwamsisi. Nilizihesabia njia kichwani, kilima kwa kilima, nikiomba zipate pancha.

Jumatatu asubuhi nilijaribu kujitetea, maana hesabu ilikuwa imenirudia usingizini. Nilimkuta shangazi anachagua mchele. Nikapiga magoti.

"Shangazi, mkeka wa Tatu ni mikono minne, kili kumi na mbili. Nne mara kumi na mbili ni arobaini na nane. Wangu mikono minane, kili sita. Nane mara sita, arobaini na nane. Ni sawa."

Aliendelea kutoa mawe. "Unazidisha mikono kwa kili?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kuku mara mbuzi ni ngapi?"

Tatu, aliyekuwa jikoni, alicheka kisha akajizuia.

"Tena hiyo mikono," shangazi alisema, "wewe ulipima kwa mkono wa nani?"

"Wangu."

"Na Tatu?"

"Wake."

"Haya." Akapuliza makapi. "Mimi nimeshona mikeka tangu baba yako hajavaa suruali. Sijawahi kuona mkeka ukila taraza ya mwenzake. Nenda shule, mwanangu, baba yako yuko njiani."

Alisema "mwanangu". Alikuwa mtu wa namna hiyo, na sijawahi kumwona kuwa mkatili, hata wakati ule. Binti yake alikuwa anaondoka kwenda kwa watu asiowafahamu, huko juu kwenye ukungu, na kitu pekee alichoweza kumpa kitakachokaa karibu na mwili wake kila siku kilikuwa mkeka. Aliogopa umekwenda pungufu. Mimi leo nina binti aliyeolewa mbali, na nilipokuwa namfungia mizigo yake nilipima shuka mara tatu.

Baba alifika Jumapili iliyofuata, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia usoni. Wakaketi na shangazi kwenye korido, na mimi nikaambiwa nikafungashe, ila chumba changu kilikuwa pale pale na hakuna neno lililonipita. Shangazi alieleza yote, ukili, taraza, Mpale. Baba alisikiliza.

"Umemwuliza, dada?"

"Nimemwuliza. Kasema arobaini na nane."

"Arobaini na nane nini?"

"Ndiyo hayo."

Baba akanywa funda moja la kahawa. Kisha akasema, "Wewe ni mkubwa wangu, Zuhura. Ulinibeba mgongoni. Sitakaa kwenye nyumba yako nikabishana nawe kuhusu mkeka. Nitamchukua mtoto. Ila nitakuambia jambo moja, huyu akitumwa chumvi dukani huwa anarudi na chumvi." Hakuongeza. Nikaziweka sare zangu za shule sandukuni juu kabisa, halafu nikazitoa nikaziweka chini kabisa, kwa kuwa nilijua sitazihitaji tena.

Mikeka yote miwili ilikuwa uani, imetandazwa juani, kwa sababu shangazi alitaka baba aone taraza kwa macho yake kabla hajaondoka. Hakuwahi kuiona. Wingu lilishuka kutoka Usambara kwa ghafla, kama linavyofanya pale Korogwe, jua bado likiwaka upande mmoja, na matone ya kwanza yakapiga mabati kama mtama unaomwagwa. "Mikeka!" alisema Tatu. Tukakimbia. Ukindu uliotiwa rangi ukilowa unatoa rangi, na zambarau ingeingia kwenye kijani, na harusi ilikuwa imekaribia. Hapakuwa na nafasi ya kuviringisha. Tatu akazikamata pembe mbili za mkeka wake, akazibwaga juu ya nyingine mbili, ule mpana ukakunjika kwa urefu. Mimi nikakimbia na ncha ya mkeka wangu mpaka kwenye ncha ya pili, ule mrefu ukakunjika katikati. Tukaingia nayo mbio kwenye chumba kilichokuwa karibu na mlango wa uani, chumba cha Asha, tukaitupa kitandani kwake, wa Tatu kwanza, wangu juu yake, na tukabaki tumesimama tunahema, maji yakitutoka kwenye nywele.

Asha alikuwa ameketi kwenye kiti, manjano usoni, kanga mbili mabegani. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. Alidhani ule wa juu umekaa upande, akataka kuunyoosha ulingane na wa chini. Akauvuta kidogo huku, akausukuma kidogo kule. Kisha mkono ukasimama.

Shangazi akaingia nyuma yetu. "Nani kakunja mkeka?" Sauti yake ilikuwa ndogo kwa hofu. "Tatu? Mwajuma? Mkeka haukunjwi, mnajua haukunjwi."

"Mama," alisema Asha. "Tazama."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsikia akisema sentensi kwa sauti ya kawaida. Shangazi akatazama akitafuta ukindu uliovunjika, akakuta kitu kingine. Mkeka wangu uliokunjwa ulikuwa umelala juu ya mkeka wa Tatu uliokunjwa, na haukuzidi popote. Kichwani sawa. Miguuni sawa. Ubavu kwa ubavu, ukili wa sita juu ya ukili wa sita, isipokuwa unene wa taraza nyeusi iliyokosekana upande mmoja. Shangazi akaweka kiganja kwenye ukingo, akakipitisha pande zote nne kama anayempangusa mtoto. Akaunyanyua wa juu, akaugeuza, akauweka chini, akauleta wa Tatu juu. Ikawa vilevile. Akaufungua wangu, ukatoka nje ya kitanda kama ulimi. Akaukunja tena kwa mikono yake mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kukunja mkeka, na ukarudi kuwa sawa na mwenzake.

Mvua ilipiga mabati kwa muda mrefu. Mimi nilihisi kitu kikiniachia, polepole, kama fundo la kamba iliyolowa ambayo umeihangaikia siku nzima, kisha inakubali yenyewe. Niliketi sakafuni.

"Tatu," shangazi alisema mwishowe, "kamwite Mama Chausiku. Mwambie aje na mdomo wake."

Mama Chausiku alikuja na mfuko wa nailoni kichwani. Akaoneshwa. Aliigeuza mikeka kama mtu anayetafuta panya chini yake. "Basi sawa, ni ileile," alisema. "Sasa taraza imekwenda wapi?"

Jibu lilikuwa kwenye daftari langu, lakini si mimi niliyelitoa. Asha akasema, "Imekwenda kwenye mbavu. Aliye mwembamba ana mbavu ndefu, bibi. Wewe mfupi mpana, mbavu zako taraza ingezimaliza upesi."

"Huyu mwali ameshafundwa," alisema Mama Chausiku. "Mpelekeni Mpale leo hii." Na Tatu akaangua kicheko, kisha kungwi aliyekuwa pembeni, kisha Mama Chausiku mwenyewe, na nilipomtazama shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nadhani yeye pia hakujua. Nimefikiri sana juu ya mabega yale kwenye matanga. Hofu yake ilikuwa imekwisha kama yangu. Binti yake hakupunjwa. Alikuwa anakwenda na kitanda kizima.

Baba alikuwa bado kwenye korido, sanduku langu likiwa limesimama karibu na miguu yake, kikombe cha kahawa kimepoa mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu na hakuinuka. Shangazi akatoka, akaenda moja kwa moja kwenye kapu la ukindu mweusi, akaketi mkabala naye, akaanza kusuka kipande cha taraza kilichopungua. Hakuomba radhi kwa maneno. Wala sikuyangoja, kwa kuwa niliona jinsi alivyosuka, kila mara akikunjua kipande na kukipima kwenye ubavu wa mkeka wangu, kwanza kwa macho, kisha kwa mkono wake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Mvua ikapungua mpaka ikawa matone ya kwenye ukingo wa bati tu.

"Hamisi," alisema bila kuinua kichwa, "mvua imekata. Ukiondoka sasa utawahi gari la Kabuku."

Baba akatazama sanduku, akanitazama mimi niliyekuwa nimeegemea ukuta. "Na mtoto?"

"Mtoto ana shule kesho," alisema shangazi. "Tatu, mletee mjomba wako vitumbua vya njiani. Vifunge vizuri."

Baba akainuka. Akalibeba sanduku, akaliingiza chumbani kwangu na kuliweka chini ya kitanda, akalisukuma kwa mguu mpaka likagusa ukuta. Alipotoka aliniwekea mkono kichwani, mkono wenye uzito wa jembe, na kwa Kizigua, lugha aliyoiweka kwa mambo ya ndani, akaniambia nisome. Halafu akaagana na dada yake, akavipokea vitumbua kwa mikono miwili, akapita katikati yetu kwenye korido akiinua miguu asikanyage taraza mpya. Nje barabara ilikuwa inang'aa kwa maji. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu, na nikasikia komeo likiingia mahali pake, mimi nikiwa ndani.